Ahadi ya Leba Dei si mkataba: maswali matatu ya kumuuliza anayeomba kura

Haya ni mazungumzo yangu ya jana usiku kuhusu haki za wafanyakazi. Wengi mliomba maandishi, basi nimeyaweka hapa. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa wala chama cha siasa. Tunachambua hoja tu.

1/ Wenzangu, karibuni. Kila Mei Mosi tunasubiri kusikia jambo moja: mshahara wa chini umepandishwa au la? Ukipandishwa, watu wanapiga makofi, wengine wanabishana siku mbili, halafu kimya. Mimi nataka tuangalie kinachofuata jukwaa likishabomolewa.

2/ Tangazo la jukwaani halimlazimishi mwajiri kulipa hata shilingi moja. Kinachomlazimisha ni agizo la mishahara lililochapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Mfano: 2024, nyongeza ya asilimia 6 ilitangazwa 1 Mei. Agizo lenyewe likaanza kutumika 1 Novemba. Hiyo ni miezi sita! Soja wa usiku aliyeenda kudai nyongeza mwezi Juni hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mkubwa wake.

3/ Na hata agizo likitoka, hicho ni kiwango cha chini kabisa. Cha zaidi ya hapo hupatikana kwa kuketi mezani na kujadiliana. Hapo ndipo chama cha wafanyakazi kinaingia. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama, na kugoma. Si hisani ya mtu.

4/ Inafanyaje kazi? Chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga mahali pale, sheria inamtaka mwajiri akitambue. Wakijadiliana wakaelewana, wanatia sahihi mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA. Unapelekwa kusajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kuanzia hapo unamfunga mwajiri. Akiuvunja, anashtakiwa.

5/ Sasa mtaelewa kwa nini waajiri wengine wanapenda vibarua. Si bei peke yake. Mtu asiyejua kama kesho ataitwa, leo atajaza fomu ya chama kweli? Mimi nimefanya kibarua katika kiwanda kimoja hapa Nairobi. Saa kumi na mbili asubuhi mko getini, msimamizi anaonyesha kidole: wewe, wewe na wewe. Nilikaa hivyo miezi saba. Mwenzetu mmoja aliuliza habari za chama. Hakuandikiwa barua, hakufokewa. Kidole tu kiliacha kumwonyesha.

6/ Lakini sikizeni. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, si kibarua tena. Anahesabiwa kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi. Vilevile akipewa kazi ambayo kwa jumla haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu. Kwa hivyo weka rekodi: tarehe ulizofanya kazi, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, jina la msimamizi. Ukifika ofisi ya leba, hiyo ndiyo silaha yako. Na kifungu cha 46 kinasema kuwa mwanachama si sababu halali ya kukufuta.

7/ Hoja ya upande wa pili: ati migomo inaua uchumi. Tuijibu kwa heshima. Kweli, mgomo unaumiza. Lakini mgomo halali una ngazi zake. Mgogoro unapelekwa kwanza kwa msuluhishi. Ikishindikana, inatolewa notisi ya maandishi ya siku 7. Na sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu kwa siku alizogoma. Nani anapenda kukaa bila mshahara na kodi ya nyumba iko mlangoni?

8/ Chukueni mfano wa madaktari wa hospitali za umma. Waligoma siku 100, Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na moja ya madai ilikuwa kutekelezwa kwa mkataba wa 2017. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani ana haki ya kukasirika. Ila akasirike akijua swali lote: mkataba ule ulikaa kwenye droo ya nani?

9/ Hoja nyingine: viongozi wa vyama wamenunuliwa. Wengine huenda ni kweli, sitawatetea. Lakini vyama hivi hufanya uchaguzi kila baada ya miaka mitano, na wenye kura ni wanachama. Na kuna jambo wengi hawalijui: kama CBA inakuhusu na wewe si mwanachama, unaweza kukatwa ada ya uwakala kila mwezi. Yaani pesa yako inaenda, kura huna. Ukisusia chama, unamwachia kiongozi mbovu kiti.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote, wa serikali au wa upinzani, akisema anawapenda wafanyakazi, muulizeni maswali haya matatu:

Moja, hiyo nyongeza itachapishwa lini kwenye gazeti rasmi?

Mbili, CBA ambazo serikali yenyewe imetia sahihi, pesa zake zimewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani?

Tatu, maafisa wa leba wa kukagua viwanda na mashamba wataongezwa wangapi, na kaunti zipi?

11/ Akijibu kwa tarehe na hesabu, mnaweza kuendelea kumsikiliza. Akijibu kwa wimbo na slogani, mmeshajua. Nakili jibu lake, weka tarehe, tutalirudia Mei Mosi ijayo.

Nimemaliza. Kama uko kwenye kazi ya kibarua na umepita mwezi, niulize hapa chini. Nitajibu moja baada ya nyingine.