Tafakuri ya Msomaji

Mwanachuo aliyepewa kusoma waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea, kisha akatakiwa aandike tafakuri yake, aghalabu huufupisha tu akadhani amemaliza kazi, ilhali mwalimu wake, ambaye waraka ule aujua barabara, hakuhitaji muhtasari. Alilotaka ni kuona hoja moja, tuseme ile isemayo kwamba elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, wala isiwe matayarisho ya sekondari, ikikabiliwa na aliyoyashuhudia mwanafunzi mwenyewe: shamba la shule lililomfunza kilimo, au, na hili si nadra, lililogeuzwa adhabu ya wachelewaji. Hapo na aeleze wapi amesadiki, wapi ametia shaka, na kwa dalili gani, akiutaja na ukurasa.