Kazi Isiyohesabiwa Haionekani

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Yaeda Chini



Leo hatukuja kufundisha a, e, i, o, u. Hayo mmekwisha kuyashinda. Tumekuja kuzungumza juu ya elimu moja ya juu, ambayo mtadhani haiwahusu. Inawahusu sana.

Mtu akimaliza shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu, akipenda huendelea na shahada ya pili. Hiyo huitwa uzamili. Wako wanaosoma uzamili juu ya jinsia na sera za jamii. Jinsia hapa ni namna wanawake na wanaume wanavyogawana kazi, mali na heshima. Mama kuzaa ni maumbile. Mama kuteka maji si maumbile, ni desturi tu. Hata baba ana mikono na mabega! Na sera ni mpango mkubwa wa Serikali: maji yafike wapi, zahanati ijengwe wapi, ardhi apewe nani.

Mtauliza, "Sasa hapo kuna nini cha kusomea miaka yote hiyo?" Ngojeni tuwaeleze.

Juzi darasani tuligawa ubao sehemu mbili, ya akina baba na ya akina mama. Tukauliza, "Jana ulifanya kazi gani?" Baba mmoja akajibu, "Nilichunga, kisha nikatengeneza zizi." Tukaandika. Mama mmoja akasema, "Mimi jana sikufanya kazi. Nilikuwa nyumbani tu."

"Maji aliteka nani?"

"Mimi."

"Kuni?"

"Mimi."

"Ng'ombe alikamua nani?"

"Mimi."

"Mtoto mgonjwa alipelekwa zahanati na nani?"

"Mimi. Niliporudi nikapika ugali."

Watu walicheka. Lakini upande wa akina mama ulijaa mpaka tukakosa pa kuandika. Yule mama akautazama ubao kimya. Halafu akasema, "Kumbe!"

Ndugu zetu, masomo yale ya Chuo Kikuu huanzia hapo kwenye "kumbe". Tukipanga kisima kwa kuwauliza wachungaji tu, kitawekwa penye ng'ombe, na mama ataendelea kutembea na ndoo kichwani.

Tuchukue mfano wa huku kwetu, upande wa Ziwa Eyasi. Zamani wasomi wengi waliamini kwamba nyama ya mwindaji ndiyo iliyolea binadamu. Katika miaka ya 1980 wataalamu watatu, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na Wahadzabe. Walihesabu saa za kazi na chakula kilicholetwa kambini. Wakaona bibi wazee wanachimba mizizi kwa bidii kubwa. Mama akiwa na mtoto mchanga, bibi ndiye husaidia kuwalisha wale wajukuu wakubwa. Mwaka 1989 wakaandika juu ya bibi hao wachapakazi, na wasomi wa nchi nyingi wakajifunza. Kazi ya bibi ilikuwapo siku zote. Ilikosa mtu wa kuihesabu.

Kazi ikihesabiwa, hata sheria hubadilika. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Je, wajumbe hao mnawajua? Wanasema, au wanakaa tu?

Kwa hiyo mtafiti akija, msimkimbie, wala msimjibu ovyo. Mwulizeni kwanza: barua ya ruhusa iko wapi? Unatafuta nini? Majibu utaturudishia lini? Wako waliokuja, wakaandika, wakaondoka, na kijiji hakikuona hata ukurasa mmoja. Na akimwuliza mama, baba asimjibie.

Neno la mwisho. Mtafiti si lazima atoke mbali. Anaweza kuwa binti yako anayejua lugha ya nyumbani. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa kupata mimba arudi darasani. Basi baba, usimwambie, "Umekwisha." Mpe daftari, na ndoo ya maji mgawane.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Andikeni kazi zote zilizofanyika nyumbani kwenu jana. Kila kazi aliifanya nani?

2. Ni kazi gani ya mama ambayo baba anaweza kuifanya kuanzia kesho?

3. Mkutano wa kijiji uliopita uliamua nini? Akina mama wangapi walisema?