Mweso wa kwetu na mweso wa Uganda
(Maneno ya komite mbele ya wanamemba, siku ya mkutano)



Kawaida tunaanza na mahesabu ya sanduku. Leo mtunza sanduku atayasoma kiisha sisi kusema, juu tunataka kuzungumza kwanza juu ya juma lililopita. Lilikuwa juma la kimya. Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya Mungu hatukusikia mlio wa bunduki hata mmoja. Mvua ilinyesha kila mchana, mashamba hayakulimika, na watu wakajikuta na kitu ambacho hatujakizoea: wakati.

Bamama walitoa sindano na uzi, wakashona vitambaa vya meza. Kijana wetu fundi alifungua redio tatu zilizokufa, akafufua mbili. Ya tatu anasema inafaa kutoa vyuma tu. Na wazee, pamoja na sisi ambao bado hatujakubali kuitwa wazee, tulikaa barazani mbele ya ubao wa mweso.

Kwa wasioujua: ubao una mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Wetu umechongwa kwa mti wa grevilea. Kete zilikuwa maharagwe, lakini siku ya pili mwenye nyumba aliyarudisha ndani ya chungu, tukaenda kuokota mawe madogo mtoni. Wenzetu wa Walikale walituambia kwamba kwa Banyanga kuna mchezo wa mbegu unaoitwa wiki. Si wiki ya siku saba! Umo ndani ya hadithi ya Mwindo, ile ambayo mzee Shekarisi Rureke aliisimulia mwaka 1956 na ikatoka kitabu mwaka 1969. Mwindo alikwenda mbali kumtafuta baba yake, akacheza wiki na Sheburungu, akapoteza mali na watu wake wote, hata shangazi yake, kiisha akacheza tena na kuvirudisha vyote. Jioni moja nzima ilipita pale.

Sasa mweso tulijifunzia wapi? Wengine kwa babu zao, wanaouita igisoro. Wengi wetu ni Uganda.

Mwezi wa tano 2012 tulikuwa vijana tisa, mkubwa kati yetu alikuwa na miaka 20. Vita ilikuwa imeanza tena. Tulitoka Mweso kwa miguu, tukapita Tongo, tukafika Rutshuru, halafu Bunagana. Ng'ambo ya mpaka ni Kisoro, na kituo cha Nyakabande, ambako tulilala tumebanana kama ndizi ndani ya lori. Kutoka pale basi zikatupeleka Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, kambi iliyokuwa imefunguliwa upya mwaka uleule. Sheria ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, tena tulipewa kipande cha shamba. Udongo mzuri, mahindi yalitoka. Lakini kijana wa miaka 18 hakai akiangalia mahindi.

Kiisha mavuno ya kwanza, wanne kati yetu tulipanda juu ya lori ya matoke usiku. Mubende, Mityana, asubuhi Kampala. Tukaona Owino, soko ambalo ukiingia hujui utatokea wapi. Vijana walikuwa wanaita "rolex! rolex!", tukasema hapa hata barabarani wanauza saa za matajiri. Kumbe ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai. Tulibeba mizigo mchana, tukala rolex usiku. Kiswahili chetu kiliwatia watu wengine wasiwasi, juu kule wengi walikijua kama lugha ya askari.

Jioni moja, pale wanaposimama watu wa boda-boda, wazee walikuwa wanacheza. Mmoja akatuuliza: "Mnajua mweso?" Tukajibu: "Tumetoka Mweso!" Akafikiri tunamchekelea. Tukamchorea njia chini kwa kijiti: Goma hapa, Kitchanga hapa, Mweso hapa. Alicheka mpaka akakohoa, akatufundisha bure, na akatushinda majuma matatu mfululizo.

Siku ya nne jioni tulisimulia haya yote barazani, na vijana walicheka sana. Lakini tulijua kwamba watatu kati yao wameanza kufunga mizigo: wawili wanataka kwenda kuchimba Rubaya, mmoja anataka Uganda. Binti mmoja akauliza: "Bapapa, kama kule kulikuwa kutamu hivyo, mulirudia nini?"

Hapo kete zilisimama. Kila mtu alijibu lake. Mmoja alirudi mwanzo wa 2014, vita ya wakati ule ilipokwisha, juu baba yake alikuwa mgonjwa. Alikuta shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Wengine walikuwa tayari kumfuata, lakini mwezi wa tatu 2014 mtumbwi wa wakimbizi waliokuwa wanarudi Kongo ulizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 wakafa. Habari ilipofika Rwamwanja, mizigo ilifunguliwa tena. Wengine walirudi miaka mingi baadaye, mgao wa chakula ulipopunguzwa. Na kurudi hakukuwa kupumzika: kuna waliotoka Uganda, wakalima misimu michache, wakakimbilia Bulengo, na mwezi wa pili 2025 kambi za kando ya Goma zilipovunjwa wakapanda tena huku na shuka mgongoni.

Kati ya wale tisa, sita tuko hapa. Wawili walibaki Uganda, wana bibi na watoto. Mmoja hatujui aliko. Tuliachana naye Kampala, alisema anakwenda kutafuta kazi mbele zaidi, na simu yake haikuita tena. Mama yake alikuwa palepale barazani tulipokuwa tunasimulia. Hakusema kitu. Aliendelea kushona.

Hatukuwakataza vijana kuondoka. Na nani angetusikiliza, sisi tuliopanda lori ya matoke? Tulichokubaliana ni hiki, na leo tunakileta mbele yenu. Kila anayetoka ataandikwa ndani ya daftari ya chama: jina, anakokwenda, anakwenda na nani, namba mbili za simu, yake na ya mtu wa nyumbani. Asiondoke peke yake. Miezi mitatu ikipita bila habari, komite itaanza kuuliza, kwanza kwa wenzetu walio kule, halafu kwa Msalaba Mwekundu, wanaopokea maombi ya kutafutana kwa jamaa. Jina la kwanza ndani ya daftari ni la yule wa Kampala. Mama yake ndiye aliyelitaja, na sisi tukaandika.

Wafadhili wetu, labda mtauliza michezo na vitambaa vinaingia wapi ndani ya raporti. Mfuko haukutoa hata faranga moja kwa juma lile. Lakini watu wawili ambao hawajasalimiana tangu mavuno, sababu ya mpaka wa shamba, walikaa ubao mmoja siku mbili. Mpaka bado haujaamuliwa. Tutawasikiliza baada ya mkutano huu. Angalau sasa wanatukanana kuhusu kete.

Ubao wa pili unachongwa Walikale. Uzi umekwisha. Anayeshuka Goma atuletee mwekundu na wa njano, na komite itamrudishia pesa yake akileta fakitire.