Siyo akili inayokosa, ni saa: maneno kwa vijana wa Kisangani

Matokeo ya egzameni ya serikali yakitoka, tunapakana poda nyeupe na kuimba barabarani. Lakini wasichana tulioanza nao kalasi ya kwanza, wangapi wako nasi siku ile?

Watu wanasema: "Wasichana hawana kichwa ya hesabu." Ni uongo. Tuangalie jioni. Kaka na dada wa kalasi moja wanatoka ku masomo pamoja. Dada anabeba bidoni, anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anamlaza mtoto wa mama. Kaka anafungua kaye. Dada akimaliza, umeme umekatika. Mwisho wa mwaka, mmoja anaitwa mwerevu, mwingine mjinga.

Mwaka 1964, wanasosiolojia wa Ufaransa Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron walionyesha kwamba masomo yanaita kipaji kile ambacho mtoto amepewa nyumbani. Wao walilinganisha watoto wa matajiri na wa maskini. Huku kwetu, mpaka huo unapita ndani ya nyumba moja.

Kisha kuna feza. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure. Ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Lakini sekondari bado ni minerivali. Feza ikitosha mtoto mmoja tu, mara nyingi mvulana njo anaendelea: "Mutoto mwanamuke ataenda tu kwa bwana." Na akipata mimba, yeye anabaki nyumbani, kijana aliyempa anaendelea kusoma.

Tusifiche: wavulana pia wanapotea, kwenye machimbo ya almasi na zahabu ao juu ya pikipiki. Lakini wao wanafuata feza. Dada anaachishwa ili wengine waendelee.

Kwa serikali tunadai: bure isisimame ku masomo ya msingi. Kifungu cha 14 cha katiba kinaamuru kuondoa ubaguzi wote juu ya wanawake. Kitekelezwe.

Kwa wazazi tunaomba: kabla ya kuchagua nani atalipiwa, angalieni pointi za watoto wote.

Na sisi? Kijana wa Mangobo, wa Kabondo, wa Lubunga, leo jioni shika ile bidoni. Osha sahani. Mpe dada yako saa mbili za kusoma kabla umeme haujakatika. Kwa hiyo hatungoji saini ya gavana.

Mapambano yanaendelea.