Mwaka Mmoja wa Kazi Katika Magofu ya Gedi



Kila msafiri aendaye Malindi kutoka Mombasa hupita karibu na mji usio na watu. Mji huo ni Gedi. Umo ndani ya miti, mwendo wa maili kumi hivi kabla ya kufika Malindi, na kuta zake zimesimama kwa mamia ya miaka bila mwenye nyumba wa kuzitengeneza.

Gedi ulistawi hasa katika karne ya 15. Ndani ya ukuta wa nje mna ekari 45 hivi, na humo kuna msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo na visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Vyombo vya udongo vya Kichina vilivyofukuliwa humo vyashuhudia kwamba watu wa pwani hii walifanya biashara na nchi za mbali. Katika karne ya 17 wenyeji walihama, na msitu ukaingia ndani.

Serikali iliutangaza mji huo kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927. Mwaka 1948 Bwana James Kirkman alianza kazi ya kufukua, na mwezi wa Julai 2024 shirika la UNESCO liliutia Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi wako wanaodhani kwamba mahali pakiisha kuandikwa katika orodha pameokoka. Sivyo. Karatasi haizuii mvua. Kinachouhifadhi mji ni kazi ya mikono, nayo hurudiwa kila mwaka.

Adui wa kwanza ni mti. Masika yanyeshapo, tangu Aprili hata Juni, mbegu zilizodondoshwa na ndege huota juu ya kuta. Mche wa mwezi mmoja hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa miaka michache, mizizi yake hupenya katikati ya mawe, na hapo mtu akiung'oa kwa nguvu, ukuta hufuatana nao. Mti wa namna hiyo hukatwa, na mizizi yake huachwa ndani. Lakini miti yote haiwezi kufyekwa, kwa kuwa kivuli chake huzikinga kuta na jua kali, tena msitu wenyewe ni makao ya kima, ndege na wanyama wengine. Kwa hiyo mlinzi hana budi kuchagua, mti kwa mti.

Adui wa pili ni maji. Yakipata ufa mdogo juu ya ukuta, hushuka ndani na kuyalegeza mawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: huko Gedi maneno hayo si mithali tu, ni hesabu ya fedha. Fundi huziba ufa kwa chokaa na mchanga kama walivyofanya waashi wa kale, wala si kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe. Huyafungia maji na chumvi ndani, na jiwe likaoza nyuma yake huku uso ukionekana mzima. Chokaa hupumua. Tena yataka subira: hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, isije ikakauka upesi na kupasuka.

Adui wa tatu alikuwa ni ugomvi wa mtu na msitu. Karibu na Gedi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na majirani wengi waliuona kama shamba walilonyimwa, tena ghala ya wanyama walao mahindi yao. Mwenye njaa haambiwi apende msitu. Ndipo mwaka 1993 ulipoanzishwa mpango uitwao Kipepeo, wenye makao yake hapo hapo penye magofu. Wakulima walifundishwa kulea viwavi vya vipepeo wa msituni. Kiwavi akiisha kujifunga katika gamba lake, kabla hajatoka kuwa kipepeo, huuzwa na kupelekwa nchi za ng'ambo, ambako watu hulipa kuwatazama vipepeo hai. Msitu ukikatwa, vipepeo hutoweka, na fedha hukatika pamoja nao. Hivyo jirani amepata sababu yake mwenyewe ya kuulinda.

Watoto wa shule nao huletwa kutazama. Mtoto aliyeonyeshwa kisima na choo cha nyumba ya miaka mia tano hawezi tena kuambiwa na mtu ye yote kwamba pwani hii haikuwa na mafundi kabla ya kuja Wazungu.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuharibu mahali kama hapa. Hata hivyo mlinzi mmoja hawezi kukesha penye kila ukuta. Kazi inayobaki ni ya kila aingiaye: asipande juu ya kuta, asiandike jina lake, asiondoke na kigae hata kimoja. Kigae kikiondolewa mahali pake, habari yake hupotea, na hakuna chokaa iwezayo kuziba ufa huo.