Chale na Kiatu cha Kuchemsha
(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani)



Nimeambiwa nizungumze juu ya jambo lolote nilipendalo, mradi lisiwe la ofisini. Basi nitazungumza juu ya Chale.

Neno hilo limo katika kamusi zetu kwa maana ya mchekeshaji, na mimi sioni lilikotoka ila kwa Charlie Chaplin, yule Mwingereza wa kofia duara, bakora na viatu vikubwa kuliko miguu. Amekuwa neno la Kiswahili kwa filamu ambazo ndani yake hasemi kitu.

Sisi tuliokaa dakhalia miaka ya 1990 tulimwona kwenye kanda ya video. Umeme wa Pemba siku hizo ulitoka kwenye majenereta. Waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Umeme ukizimika, filamu ilimaliziwa kwa mdomo, na mafundi wa kazi hiyo wengine wamekaa hapa mbele, wanaona haya.

Filamu yenyewe ni The Gold Rush, ya mwaka 1925, habari za watu waliokimbilia kwenye theluji kutafuta dhahabu. Chale na mwenzake, Big Jim, wamekwama kibandani, chakula hakuna. Chale anachemsha kiatu chake. Anakimwagia mchuzi kwa upawa, anakikata kwa adabu zote za karamu, anazungusha kamba zake kwenye uma kama tambi, na misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa peremende ya urukususu. Sisi hatukulijua hilo, na tulicheka mpaka mlezi wa dakhalia akaja kutufokea.

Likizo moja kanda hiyo ilioneshwa kwa jirani yetu, Wete. Watoto tulicheka. Bibi yangu hakucheka. Alisema tu, "Mwana huyu ana njaa kweli." Bibi alilea watoto miaka ile ya mwanzo ya 1970, chakula kilipoadimika Visiwani na watu wakipanga foleni ya mchele, na alikuwa hapendi kuyasimulia hayo.

Baadaye, nikiwa Chuo Kikuu, nilisoma kwamba Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889, alipelekwa akiwa na miaka saba katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, London, pamoja na mama yake na kaka yake. Bibi hakusoma kitabu chochote juu yake. Alimtambua kwa namna anavyotafuna.

Mwaka jana nimeitazama tena pamoja na wanangu. Kibanda kinaponing'inia ukingoni mwa jabali, chao kimoja hewani, bado nilijishika kitini, mtu mzima mimi. Wanangu walicheka sana Big Jim anapomwona Chale amegeuka kuku. Kwenye kiatu, mdogo wao akaniuliza, "Baba, kwa nini hawakwenda dukani?"

Nikaizima filamu, nikawasimulia foleni ya bibi yao mkubwa, kwa kadiri nilivyoisikia kwa mama. Tuliimalizia siku ya pili.

Nakala nimemkabidhi mwalimu wa maktaba. Wanafunzi wa dakhalia wataoneshwa Alhamisi usiku, inshallah.