Weusi wa Miwani Siyo Kinga



Leo tuongee juu ya macho. Vijana wetu wanaochomelea milango na mageti, wengi huvaa miwani ya jua, ati kwa sababu ni nyeusi. Jamani, weusi siyo kinga! Moto wa umeme una mionzi isiyoonekana, nayo huunguza ngozi ya mbele ya jicho. Mchana husikii kitu. Usiku ndio macho huwasha kama yametiwa mchanga.

Sasa tununue nini? Tazameni namba ya kioo. Kuchomelea kwa gesi, namba 4 hadi 8. Kwa umeme, 10 hadi 13, tena iwe ngao ya kufunika uso mzima. Moto ukiwa mkali zaidi, namba nayo ipande. Kusaga chuma kunataka miwani isiyo na rangi, ngumu, iliyoziba pande zote. Kioo kikipasuka, kibadilishwe. Anayemshikia fundi chuma naye avae, na watoto wakae mbali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa hivi. Kikundi kinachojitegemea kiweke akiba kila wiki, kinunue ngao kabla ya mashine ya pili.

Macho yakiuma, msitie maziwa wala majani. Nendeni hospitali. Mashine hununuliwa tena, jicho je?